Uzi: Kuku wa uani kwenye joto la Texas, na bata mzinga mwitu wanaofuata maji

Mtetea

Wakuu, salaam. Uzi huu ni kwa wenzetu walioko Texas ya kati, yaani San Antonio na eneo la vilima hadi Kerrville, wanaofuga kuku wa mayai uani kuanzia sita hadi ishirini. Kila kiangazi yanarudi maswali mawili, na watu huyauliza kila moja kivyake: kuku wanahema na kufa mchana, na bata mzinga mwitu wameanza kuonekana karibu na ua.

Nayaweka pamoja kwa sababu chanzo ni kimoja. Kuanzia Juni hadi Septemba vijito vingi vinakauka. Chochote unachomwekea kuku kumpunguzia joto, kama maji baridi, kivuli, vumbi la kujigaragaza, pamoja na punje anazomwaga, bata mzinga naye anakitafuta. Banda zuri la joto likiachwa wazi linakuwa kituo cha ndege wa porini, na magonjwa yanapita pande zote mbili.

Naanza na joto. Kuku hana tezi za jasho. Joto la mwili wake ni nyuzi 41 hadi 42 za Selsiasi, na njia yake kubwa ya kulipunguza ni kuhema. Hewa ikivuka nyuzi 30 hivi anaanza kuhema, ikivuka 35 anaacha kula vizuri, na ikifika 38, yaani 100 za Farenhaiti, kuku wazito wako hatarini. Siku mbaya kuliko zote ni zile za kwanza joto linapopanda ghafla, kwa kuwa mwili unahitaji siku kadhaa kuzoea. Nyuzi 36 za Mei zinaweza kuua kuku ambao Agosti wangevumilia 39.

Mambo ya kwanza kufanya, kwa kuku 12:

Maji. Kuku wa mayai hunywa kama robo lita kwa siku ya kawaida, na kwenye joto hufika nusu lita au zaidi. Hesabu lita 6 kwa siku, kisha weka mara mbili yake, kwenye vyombo vitatu vilivyo sehemu tofauti, vyote kivulini. Chombo kimoja hakitoshi hata kiwe kikubwa, kwa sababu kuku wababe hukizingira na wanyonge hukaa mbali wakihema. Maji yakipata moto kuku hupunguza kunywa, kwa hiyo badilisha saa sita mchana na tena saa tisa, au tumbukiza chupa ya lita 2 iliyogandishwa. Wenye chuchu za maji waongeze beseni la wazi miezi hii, kwani kwenye chuchu kuku hunywa polepole na hawezi kulowesha upanga na ndevu zake.

Kama mpira wa maji unalala juani, mwaga kwanza hadi maji yatoke ya kawaida. Yale ya mwanzo yanaweza kuunguza hata mkono.

Kivuli. Urefu wa banda ulale kutoka mashariki hadi magharibi, ili jua la jioni lipige upande mfupi tu. Kama banda limeshajengwa vibaya, funika upande wa magharibi kwa neti ya kivuli ya asilimia 70 hadi 80. Juu ya bati weka neti nyingine, ikiinuliwa sentimita 30 au zaidi ili upepo upite katikati. Neti ikilala juu ya bati, moto unashuka vilevile.

Nafasi. Wasizidi kuku 4 kwa mita moja ya mraba ndani ya banda. Kwenye vijiti vya kulalia acha sentimita 30 kwa kila kuku. Usiku wa Texas unaweza kubaki juu ya nyuzi 25, na kuku waliobanana hawapoi hadi asubuhi.

---

Kusi

Shukrani mkuu. Niongeze kuhusu unyevu, maana watu hunakili ushauri wa mahali pakavu wakaupeleka pwani.

Mabomba ya kunyunyiza ukungu hufanya kazi kwa kukausha maji hewani, na hewa iliyokwisha kushiba maji haikaushi kitu. Mombasa, Tanga au Dar mwezi wa Februari una nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 75 au zaidi. Ukungu hapo unalowesha maranda tu, na kuku anayehema anazidi kushindwa kwa kuwa pumzi yake nayo haikauki. Houston iko karibu na hali hiyo. San Antonio asubuhi huwa na unyevu mwingi, lakini alasiri joto likipanda unyevu hushuka sana, mara nyingi chini ya asilimia 40. Kwa hiyo ukungu ufunguliwe kuanzia saa nane mchana, ufungwe jua likizama. Usiwashe asubuhi.

Vichwa vya ukungu viwe nje ya banda, upande upepo unakotokea, juu ya ardhi yenye kivuli. Ukivifunga ndani juu ya maranda, baada ya siku chache una harufu ya amonia, na vifaranga wanaanza kuhara damu.

Penye unyevu tegemea upepo. Ondoa kuta: ukuta wa chini sentimita 40 unatosha, juu yake waya mtupu hadi paani. Feni iwe usawa wa kuku, si juu darini. Ipanguse vumbi kila wiki, maana mota iliyojaa manyoya na vumbi hushika moto, na iunganishwe kwenye soketi inayojikata yenyewe maji yakigusa umeme. Kumbuka pia kwamba hewa ikikaribia nyuzi 41 feni peke yake haipozi tena, inampulizia kuku hewa yenye joto sawa na mwili wake. Hapo ndipo maji na upepo lazima viende pamoja.

Maranda nayo: miezi ya baridi watu huweka unene wa sentimita 10 hadi 15. Kiangazi punguza hadi 5. Tabaka nene linachacha na kutoa joto lake.

---

Mgeni wa Houston

Samahani wakuu, nimesikia mahindi yanaongeza joto mwilini, kwamba kiangazi yasitolewe kabisa. Ni kweli?

---

Pumba na Mashudu

Ndugu mgeni, hilo limezagaa lakini sivyo linavyosemwa. Kila chakula hutoa joto kikisagwa mwilini. Protini hutoa joto jingi zaidi, wanga chini yake, mafuta kidogo kuliko vyote. Mahindi kwa hiyo hayana moto wa pekee. Ubaya wake ni kwamba kuku wa mayai akishibishwa mahindi matupu anakosa protini na chokaa, tena katika kipindi ambacho tayari anakula kidogo.

Kinachoua ni saa ya kula. Joto la usagaji huchukua saa kadhaa kufika kileleni baada ya mlo. Kuku aliyekula saa sita mchana, joto lake la ndani linapanda wakati ule ule jua linapokuwa kali. Waliozoea Dar huondoa chakula saa nne asubuhi na kukirudisha saa kumi jioni, kwa kuwa kule kilele cha joto ni kati ya saa saba na saa tisa. Texas saa za kiangazi zimesogezwa mbele na jua linazama karibu saa mbili unusu usiku, hivyo joto kali hudumu kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni. Ukirudisha chakula saa kumi umekosea kabisa. Ratiba ya huko iwe hivi: chakula kuanzia kukipambazuka, kiondolewe saa tano asubuhi, kirudi saa moja jioni hadi walale. Maji hayaondolewi hata dakika moja.

Halafu maganda. Watu wanaona mayai laini wakadhani ni ugonjwa. Kuku akihema sana anapoteza hewa ya kaboni, damu inabadilika, na chokaa inayotakiwa kujenga ganda haipatikani vizuri. Juu ya hapo chakula kimepungua. Kuku wa gramu 115 kwa siku akishuka hadi 90, chakula chenye kalsiamu asilimia 4 kinampa gramu 3.6 badala ya 4.6. Weka magamba ya chaza yaliyopondwa vipande vikubwa, kwenye chombo chake peke yake, jioni. Ganda linajengwa usiku, na vipande vikubwa hukaa kwenye firigisi vikitoa chokaa polepole. Unga wa chokaa uliochanganywa asubuhi unakuwa umepita.

Maji ya chumvichumvi ya nyumbani: lita 4 za maji, nusu kijiko cha chai cha chumvi, nusu kijiko cha chai cha magadi ya kuokea, kijiko kimoja kikubwa cha sukari. Toa mchana wa joto kali tu, na karibu yake pawepo chombo cha maji matupu ili kuku achague. Usizidishe chumvi kwa kudhani itafanya kazi haraka. Kuku hawaivumilii. Mchanganyiko uliobaki jioni umwagwe, sukari inachacha.

Matikiti yaliyopoa ni mazuri, kipande cha kiganja kwa kuku, alasiri. Yasiwe mlo.

---

Dawa na Chanjo

Naingia kwenye dharura na magonjwa.

Mfuatano wa dalili: mdomo wazi, mabawa yametanuliwa mbali na mwili, koo linacheza. Huyo bado anajimudu, mpe kivuli na maji. Akianza kulala chini, macho nusu wazi, upanga umepauka au umegeuka zambarau, akisimamishwa anayumba, huyo ana dakika chache. Mchukue taratibu, mtumbukize kwenye ndoo ya maji ya bomba hadi shingoni, kichwa kibaki juu. Maji ya bomba ya Texas yanaweza kuwa na nyuzi 28 na bado yanafaa, kwani yako chini sana ya joto la mwili wake. Usitumie maji ya barafu: mishipa ya ngozi inajikunja na joto linabaki ndani. Fungua manyoya kwa vidole ili maji yafike kwenye ngozi. Baada ya hapo mweke kivulini penye upepo, na mdondoshee maji ubavuni mwa mdomo, tone kwa tone. Ukimimina kooni yanaingia mapafuni.

Kuku anayeatamia huwa wa kwanza kufa, kwa sababu haondoki kwenye kiota. Kagua viota saa nane mchana, na vitoboe nyuma ili hewa ipite. Kukamata kuku, kuwachanja au kuwasafirisha kufanywe alfajiri au usiku.

Tofautisha joto na ugonjwa. Kifo cha joto kinatokea alasiri na mapema jioni, kinaanza na walio wanene, na wenzao wanachangamka hewa ikipoa. Kuku wakifa usiku wa baridi, wakiwa na shingo iliyopinda, mharo wa kijani, vichwa vilivyovimba, au wengi wakifa ghafla bila dalili, acha kuwaza joto. Usipasue, usigawie nyama, ita daktari wa mifugo. Homa ya mafua ya ndege aina ya H5N1 imekuwa Marekani tangu 2022, ikiua kuku wa kufugwa na ndege wa porini pia.

Kwa wasomaji wa Tanzania na Kenya, cha kwanza kushuku hapo ni kideri, na kinga yake mnaijua: chanjo ya I-2, tone moja jichoni, kila miezi mitatu.

---

Nyayo

Mtetea kagusa bata mzinga akaishia hapo, basi niendelee, maana wengi wanawaona bila kujua wanawaona.

Waliopo Texas ya kati ni wa jamii ya Rio Grande. Mashariki ya jimbo ndiko kwenye jamii ya Mashariki. Ukimwona amefungua mkia, tazama ncha za manyoya: Rio Grande ni hudhurungi hafifu, Mashariki ni kahawia iliyokoza. Ncha nyeupe kabisa kwenye ndege mnene wa miguu mifupi mara nyingi ni bata mzinga wa kufugwa aliyetoroka. Mwitu ni mwembamba, miguu mirefu, kichwa kidogo, na hukimbia kwa kasi ya ajabu kabla hajafikiria kuruka.

Dume na jike: manyoya ya kifua cha dume yana ncha nyeusi, ya jike ncha za hudhurungi. Ule mshungi wa nywele kifuani usiutegemee peke yake, baadhi ya majike wanao.

Mara nyingi hutawaona wenyewe, utaona kazi yao. Unyayo una vidole vitatu mbele, na ukizidi sentimita 11 kwa urefu huwa ni wa dume. Kinyesi cha dume kimenyooka na kupinda mwishoni mithili ya herufi J, cha jike kimejiviringa. Tafuta pia vishimo vya vumbi vyenye upana wa nusu mita, kwenye udongo laini mkavu, vikiwa na manyoya yenye mistari myeupe na myeusi. Kuku wako wakitoka jioni wataingia kwenye vishimo hivyo hivyo, na hapo ndipo tatizo linapoanzia.

Saa zao: wanashuka mitini kunapopambazuka, wanalisha asubuhi, mchana kutwa wanakaa kwenye kivuli cha mialoni karibu na maji, wanalisha tena jioni, na jua likizama wanaruka juu ya miti mirefu kandokando ya vijito kulala. Ukijua mti wanaolala, kaa mbali, mita 100 au zaidi. Wakisumbuliwa pale usiku mmoja au miwili wanahama.

Machi hadi Mei utawasikia madume wakigurumia, sauti inayofika zaidi ya kilomita moja. Kiangazi ni majike na vifaranga, na mwito wao ni mlio mfupi wa chini. Vifaranga huweza kuruka hadi matawi ya chini wakiwa na wiki mbili hivi. Kabla ya hapo wanalala ardhini chini ya mama, na mbwa wako ni hatari kwao kuliko mwindaji yeyote.

Majimbo mengi huwaomba wananchi waripoti majike na vifaranga waliowaona kati ya Juni na Agosti. Idara ya mbuga na wanyamapori ya Texas nayo hupokea. Andika tarehe, mahali, idadi ya majike, idadi ya vifaranga. Jike asiye na vifaranga mwandike pia, kwa kuwa uwiano ndio unaotafutwa.

Kwa wanaoshangaa ndege hawa kuingia hadi mitaani, tazameni Massachusetts. Walikuwa wametoweka kabisa, wakaletwa 37 kutoka New York mwaka 1972 na 1973, na leo wanatembea barabarani Brookline pembeni mwa Boston.

---

Mgeni wa Houston

Sasa wakichangamana na kuku kuna ubaya gani? Wote ndege.

---

Dawa na Chanjo

Ubaya mkubwa unatoka kwa kuku kwenda kwa bata mzinga. Kuna kimelea kiitwacho Histomonas kinachosafiri ndani ya mayai ya mnyoo mdogo wa utumbo wa kuku, Heterakis. Kuku wengi wanambeba bila kuugua sana. Bata mzinga akimpata, ini linaharibika, kinyesi kinakuwa cha njano ya kiberiti, na kundi linaweza kuisha. Mayai ya mnyoo hudumu ardhini kwa miaka, na nyungunyungu wanayahifadhi. Dawa ya mwisho iliyoruhusiwa Marekani kwa ugonjwa huu iliondolewa sokoni mwaka 2015. Kwa hiyo usifuge bata mzinga wa nyumbani mahali palipokaa kuku, hata kama kuku walishaondoka.

Kwenda upande wa kuku kuna mafua ya ndege, mafua sugu ya mycoplasma, na ndui, ambayo mbu wanaibeba. Beseni la maji lililoachwa wazi ndilo wanalokutania wote.

Dawa ya minyoo: piperazine inayouzwa kila duka inaua minyoo mikubwa, Heterakis haimwezi vizuri. Fenbendazole miligramu 1 kwa kilo ya uzito wa kuku, siku 5 mfululizo kwenye maji, ndiyo inayomfikia. Siku za joto pima maji wanayokunywa kweli ndipo uchanganye, kwani wakinywa mara mbili ya kawaida wanakunywa na dawa mara mbili.

---

Mtetea

Basi kinga ya banda, kwa mpangilio wa umuhimu.

Maji na chakula viwe ndani ya waya, daima. Uzio wa wazi wa mita mbili haumzuii bata mzinga, anaruka. Weka paa la waya au neti juu ya uwanja wote wa kuku. Pembeni tumia waya mgumu wa matundu ya nusu inchi hadi kimo cha mita moja, na sentimita 30 uzikwe au ulazwe chini kuelekea nje. Waya wa kawaida wa pembe sita unawazuia bata mzinga, lakini rakuni, yule mnyama mdogo wa Marekani anayewinda usiku, anaurarua.

Chakula kinachomwagika kifagiliwe jioni. Kama una kilishio cha ndege wadogo mtini, kitoe kiangazi, kwa sababu punje zake zinaanguka chini.

Viatu vya bandani vibaki bandani.

Ukitaka kuwatazama bata mzinga, waachie vichaka na nyasi ndefu upande wa mbali wa kiwanja, lakini usiwape punje. Anayelishwa hupoteza woga, na dume asiye na woga hupiga midomo vioo vya gari akidhani ni mpinzani wake. Akifika hapo, funika kioo, mfukuze kwa mpira wa maji au ufagio bila kurudi nyuma.

---

Kusi

Huku pwani na bara habari ni ile ile kwa kanga na kwale. Kiangazi wanafuata maji ya kuku, na mnyoo ni huyo huyo. Watu huokota mayai ya kanga wa porini wakamwatamishia kuku. Kenya huwezi kufuga kanga bila kibali cha shirika la wanyamapori, KWS, kwa hiyo aulize kwanza anayetaka.

Nao wenye joto kali watafute damu ya kishingo, yaani kuku wa shingo tupu. Jeni ya shingo tupu inapunguza manyoya kwa karibu theluthi moja hata ikitoka kwa mzazi mmoja, na joto linapata pa kutokea. Walioko Texas wanaweza kununua vifaranga wa shingo tupu kwa wazalishaji. Wakwepe kuku wazito wenye manyoya hadi vidoleni.

---

Mgeni wa Houston

Swali la mwisho. Kuna kiota kwenye nyasi ndefu za jirani yangu, mayai kama 11 yenye madoadoa ya kahawia, na anataka kukata nyasi kesho.

---

Nyayo

Mwambie asikate. Acha duara la mita 10 kila upande, wala msikanyage njia ya moja kwa moja hadi kiotani, kwani mbweha na rakuni hufuata harufu. Mayai 10 hadi 12 ni ya kawaida kwa jike mmoja wa bata mzinga, na anaatamia siku 28 hivi. Akiwa bado anataga haonekani muda mwingi, kwa hiyo mayai baridi hayana maana kwamba ameyatelekeza. Kuyachukua ni kosa kisheria, huyu ni ndege wa kuwindwa anayesimamiwa na jimbo. Vifaranga wakitotolewa wanaondoka na mama yao ndani ya siku moja. Mkikuta maganda yamekatika vizuri kuzunguka upande mnene, wametoka salama na nyasi zinaweza kukatwa. Maganda yakiwa yamepondwa na kutawanyika, mnyama ameingia, na jike huenda akajaribu tena karibu na hapo, basi subirini wiki mbili zaidi. Kuku wa jirani wafungiwe upande wa pili hadi hapo.